Siku Niliyompandisha Baba Mkwe Ngazi ya Heshima

Jamani, kabla sijaanza niseme wazi kwamba kisa hiki hakinipendezeshi hata kidogo, na kama umeshakisikia kwa mtu mwingine pale sokoni Tukuyu basi ujue huyo mtu amekionea huruma akakipunguza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwepo, tena nilikuwa katikati, nimeshika kitenge cha mke wa mtu mkononi, na ninakuambia ilikuwa mbaya kuliko wanavyosimulia.

Mimi shule yangu iliishia la saba (na hilo la saba lenyewe mwalimu alinipitisha ili apumzike), lakini mdomo nilipewa wa chuo kikuu. Enzi hizo soko huria limefunguliwa, mabelo ya mitumba yanapanda mlima kutoka Mbeya kila wiki, na mimi kazi yangu ikawa kusimama juu ya meza nanadi. Nashika koti, nalikung'uta, napiga kelele, "Haya baba, ukivaa hili mkeo atakuuliza wewe nani! Mama, gauni hili mwenyewe huko Ulaya alilia kuliacha!" Watu wanacheka, wakicheka wananunua. Kwa hiyo kichwani mwangu nilishajiona mtaalamu wa kujua binadamu anasukumwa na nini. Binadamu anasukumwa na kicheko na kuogopa jirani atawahi koti. Basi, kwisha.

Sasa kulikuwa na msichana anaitwa Tumpe, kwao Masukulu, alikuwa anakuja sokoni kuuza maparachichi, na tulikuwa tumeshaelewana mimi na yeye kiasi cha mtu kuanza kununua sahani. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Lusajo. Mzee mrefu, mkimya, ana koti moja la kijivu ambalo alilivaa kanisani, shambani na kwenye kikao cha kijiji, na mtu akimsalimia anajibu baada ya kufikiri. Mjomba wangu alipokwenda mara ya kwanza kupima upepo, mzee alimuuliza swali moja tu, "Huyu mpwa wako ni yule anayepiga kelele juu ya meza?" Mjomba akasema ndiye. Mzee akasema, "Karibu chai." Chai ikanywewa, habari ya binti haikuguswa tena mpaka mjomba akarudi Msasani (hii yetu ya Tukuyu, si ya Dar) na vumbi lake.

Wakati niko kwenye hayo mawazo ndipo akaja Mtaalamu. Mnakumbuka miaka ile, kila mwezi linakuja gari jipya lenye mkonga mrefu wa redio mbele, linashusha watu wenye makaratasi makubwa na kalamu za rangi, wanatufundisha jambo. Mwezi huu ujasiriamali, mwezi ujao uwezeshaji, mwezi mwingine mtazamo. Huyu wetu alitoka Dar, kijana wa makamo, shati mikono mirefu, viatu vya kung'aa (kwa Rungwe ile ya mvua, viatu vile vilinitia huruma), na somo lake lilikuwa Motisha. Mradi ulitaka kugawa ng'ombe wa maziwa kwa vikundi vya Masukulu, lakini kabla ya ng'ombe, watu wafundishwe kwanza kwa nini wanamtaka ng'ombe.

Wazee wengi kule Kiswahili wanakisikia lakini wanapenda kuelezwa kwa Kinyakyusa, basi bibi mmoja wa ofisi ya mifugo aliyekuwa ananunua kwangu sketi akanipendekeza. "Huyu anaweza kutafsiri, tena hachoshi." Mtaalamu akaniangalia juu chini akaniambia, "Kijana, utakuwa mkono wangu wa kulia." Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu, Masukulu. Nikajiambia Ambakisye, Mungu si mchoyo, leo Mzee Lusajo atakuona umesimama kando ya mtu wa gari, unazungumza mambo ya maana, hauko juu ya meza.

Asubuhi ya semina mvua ilishaanza, ile mvua yetu isiyo na haraka. Watu wakaja na majani ya migomba kichwani, wakayaegemeza nje ukutani, wakaingia ukumbi wa kijiji. Wanaume mbele, akina mama nyuma kwenye mabenchi, na kundi jingine la akina mama liko jikoni nyuma ya ukumbi wanapika wali na nyama. Mzee Lusajo akaja, akakaa benchi la mbele, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Nikamwamkia kwa kuinama mpaka nikasikia mgongo unalia. Akafikiri. Akaitikia.

Mtaalamu akabandika karatasi yake kubwa kuliko shuka, imechorwa kitu kama mlima umekatwa vipande. Akasema binadamu ana ngazi tano. Ya chini kabisa chakula, maji na usingizi. Juu yake usalama. Juu yake kupendwa na kuwa na wenzako. Ya nne heshima. Na kileleni kabisa kujitimiza. Akasema mtu hawezi kupanda ya juu kabla hajashiba ya chini, na ukitaka kumfanya mtu atende jambo, tafuta yuko ngazi gani, umsukume kutokea hapo. Mimi natafsiri, jasho linanitoka, mpaka nikafika kwenye kujitimiza nikakwama. Nikafikiri, nikawaambia wazee, "Kileleni ni pale mtu ana ng'ombe wengi na bado anapata usingizi." Wazee wote wakatingisha kichwa. Walielewa fijo, yaani sana. Mtaalamu naye akafurahi, akasema sijawahi kuona kundi linalopokea haraka hivi.

Kisha akauliza, "Nani aniambie, leo nini kimemsukuma kuja hapa?"

Wanaume wakageukiana. Halafu mama mmoja nyuma kule akasema, "Wali."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mtaalamu akasema safi sana, hiyo ni ngazi ya kwanza, akaandika WALI kwa kalamu nyekundu. Mzee mwingine akanyanyua mkono akasema yeye ana ng'ombe watatu na analala nje akiwalinda wasiibiwe, mvua inamnyea, chakula anapelekewa kimepoa, lakini kijiji kizima kinamheshimu kwa sababu ya hao ng'ombe, sasa yeye yuko ngazi ya ngapi? Mtaalamu akatazama mlima wake. Akasema, "Swali zuri mno, hilo tuliegeshe kwanza," akaandika neno moja pembeni akalizungushia duara, na mpaka ninavyosimulia lile swali bado limeegeshwa huko huko Masukulu.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza, tena ulianza mdogo, mdogo kabisa. Niliona watu wameanza kusinzia, si unajua mvua ya kwenye bati inavyombembeleza mtu. Nikamnong'oneza Mtaalamu, "Bosi, hizi ngazi tuzifanye kweli, watu wazipande." Pale pembeni ya mlango mkubwa wa mbele palikuwa na kreti za soda za mchana. Tukazipanga mimi na yeye zikiegemea ukuta, kreti moja, halafu mbili zimebebana, halafu tatu, mpaka tukawa na ngazi ya kweli inayopanda mpaka karibu na kenchi za paa. Chupa zimo ndani, zinalia kila ukigusa. Ilipendeza, nisiwe mwongo.

"Tunaanza na nani?" akauliza Mtaalamu.

Na moyo wangu ukaniambia: heshima. Mzee Lusajo hakupendi kwa sababu hujampandisha ngazi ya nne. Mpandishe leo mbele ya kijiji chake, akishuka atashuka ni baba yako. (Ona sasa, elimu ya asubuhi moja nimeshaigeuza mtego wa kuolea.) Nikasimama katikati nikanadi kama ninavyonadi sokoni, "Ndugu zangu, nani hapa anastahili kukaa juu? Nani koti lake halijawahi kukosa kifungo? Mzee wetu Lusajo!" Watu wakapiga makofi, wakaimba kidogo. Mzee hakutaka. Akasema, "Niache, kijana." Lakini makofi yakazidi, na mtu wa heshima ukimpigia makofi mengi hana pa kujificha, akainuka, akapanda taratibu kreti baada ya kreti, huku akishika ukuta, mpaka akasimama juu kabisa, kichwa kinakaribia kugusa kenchi. Nakuapia nilimwona anatabasamu. Kidogo tu. Nikasema Tumpe wangu huyo.

Ningeishia hapo leo ningekuwa nasimulia kingine.

Mtaalamu akasema, "Vizuri. Sasa tunataka mtu wa ngazi ya chini, tena awe mwanamke kwa ajili ya usawa wa jinsia, aje amtazame aliye juu, amwambie na mimi nitafika ulipo." Akina mama wa nyuma wote wakatazama sakafu. Hakuna anayeinuka. Mimi mkono wa kulia nikasema bosi niachie, nikatoka mlango wa nyuma mpaka jikoni.

Jikoni moshi, masufuria, akina mama wanachekana. Tumpe alikuwepo, anachuja maji ya wali, akanikonyeza. Kando yake kulikuwa na dada mmoja mgeni machoni pangu, mdogo mdogo, kitenge kimefunikwa kichwani kikashuka mpaka usoni, anapanga sahani. Nikamwambia, "Wewe dada, njoo ndani mara moja, Mtaalamu anakuita." Tumpe akawa ameshanipa mgongo, mama mkubwa wa jikoni, Mama Bupe, anamgombeza maji yamemwagika, kwa hiyo hakusikia. Yule dada akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Nani yuko ndani?"

Sasa kwa wasio wa kwetu nieleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa na baba wa mume wake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Akimsikia anakuja njiani, mkamwana anaingia migombani anainama mpaka mzee apite. Hamtazami, jina lake halitaji, nyumba aliyomo haingii. Wa mjini siku hizi wanalegeza, lakini Masukulu wakati ule watu walikuwa wanaishika. Ndiyo maana mzee akikaribia mahali anakohoa kwa mbali, kusudi mtoto wa watu apate nafasi ya kujiondoa. Na ndiyo maana mwanamke kabla hajaingia mahali anauliza nani yuko ndani. Lile si swali la umbea. Mimi ni Mnyakyusa, mama yangu mzaliwa wa Masoko, haya nimenyonya nayo. Mtoto wa miaka mitano kwetu akiulizwa hivyo anataja majina.

Mimi nikajibu, "Watu tu, dada. Watu na soda."

Na akaniamini. Alinifuata kichwa chini, kitenge usoni, kama anavyotembea mwanamke mwenye adabu, hivyo hakuona chochote ila visigino vyangu.

Tulipoingia tu, ukumbi mzima ukaanza kukohoa.

Kwanza benchi la mbele, halafu la pili, halafu akina mama. Kuna waliokohoa kikohozi kikavu, wengine kama wamekabwa na mfupa. Na kule juu ya kreti Mzee Lusajo akakohoa kikohozi kimoja kirefu ambacho kingemwondoa chui shambani. Mtu yeyote mwenye akili angesimama. Mimi nikafikiri, hii mvua imeleta mafua. Mtaalamu naye akasema kwa upole, "Jamani, moshi wa jikoni huo, fungeni mlango wa nyuma." Kijana mtiifu akaufunga. Halafu Mtaalamu akamnyanyulia Mzee Lusajo glasi ya maji kule juu, "Pole mzee, kunywa." Mzee akaishika glasi. Afanye nini? Akaendelea kukohoa na glasi mkononi.

Yule dada nikamsimamisha chini ya zile kreti. Kwa zile kelele naona alishaanza kuhisi, maana mwili wake ulikakamaa, akawa anarudi nyuma. Mtaalamu akaniambia, "Unaona? Hajithamini. Ngazi ya nne imebomoka kabisa. Mtie moyo, mtie moyo!" Na mimi, nisiyejua ngazi wala moyo, nikapaza sauti ya sokoni, "Dada, dunia ikuone!" nikakishika kitenge nikakivuta.

Kitenge kikaja chote.

Dada akainua uso kwa mshtuko, na mbele yake, juu, amesimama kama sanamu, baba wa mume wake.

Hata mvua nadhani ilikaa sekunde. Halafu dada akatoa sauti, si kilio, ni pumzi tu, akachuchumaa pale pale na mikono usoni. Mzee akageuka kutazama ukuta kwa haraka mpaka glasi ikamtoka. Akataka kushuka, lakini kushuka ni kwa zile kreti, na mwisho wa kreti ndipo amechuchumaa mkamwana. Mlango wa mbele nao uko pale pale alipochuchumaa. Mlango wa nyuma tumefunga, na nje yake akina mama wa jikoni wamejazana wanausukuma waone kuna nini mpaka komeo limekwama, kwa hiyo haufunguki kwa ndani wala kwa nje. Watu wakaanza kupiga kelele kwa Kinyakyusa wote kwa pamoja, bati nalo linapiga.

"Wanasemaje?" akaniuliza Mtaalamu, macho yanang'aa.

Hapo ndipo ningemwambia. Mdomo wangu, huu huu unaouza makoti yenye matundu, ukasema, "Wanasema zoezi limewaingia, bosi."

"Ninaona!" akasema. "Ninaona kabisa!"

Dada akawa anapapasa kitu cha kujifunikia, kitenge chake ninacho mimi, nimekishika kama bendera sijui nikirudishe vipi maana kumkaribia tena naona aibu. Mkono wake ukapata ile karatasi kubwa ya Mtaalamu ukutani. Akaivuta ikachanika kutoka kwenye gundi, akajifunika nayo kichwa mpaka miguu. Kwa hiyo sasa mbele ya ukumbi mzima kukawa na mlima wa mahitaji ya binadamu umechuchumaa, na neno WALI linatetemeka.

Na mzee kule juu, kwa kuona sasa hana njia, akanyoosha mikono akaishika kenchi. Akataka apite huko huko juu mpaka upande wa pili wa ukumbi, nadhani ndiyo ilikuwa hesabu yake. Mguu ukaacha kreti. Mzee wa kanisa, mwenye wajukuu, akaning'inia kwenye paa la kijiji, koti la kijivu limepanda mpaka makwapani.

Mtaalamu akashika mikono yake kifuani kama mtu anayesali. "Tazameni," akasema, sauti imemlegea, "tazameni jambo hili. Mtu akishafika kileleni hatulii. Anatafuta kilele kingine. Tafsiri! Tafsiri!"

Sikutafsiri. Nikamsikia tu mzee wa ng'ombe watatu akimwambia mwenzake, "Huyu wa Dar ni mgonjwa?"

Mama Bupe ndiye aliyetuokoa. Aliusukuma mlango wa nyuma kwa bega, akina mama wakaporomoka ndani, akaangalia juu, akaangalia chini, akaniangalia mimi. Hakuuliza kitu. Akatoa khanga yake, mwenzake akashika pembe ya pili, wakaitandaza kama ukuta kati ya yule aliye juu na yule aliye chini, wakamwinua dada taratibu pamoja na karatasi yake, wakamtoa nje nyuma ya khanga. Mlango ulipofungwa tu, mikono ya mzee ikachoka. Kreti zikalia, ngazi ya tano ikashuka kwenye ya nne, ya nne kwenye ya tatu, na mzee akaja nazo zote mpaka chini kwenye povu la soda. Watu wakamkimbilia. Hakuumia, Mungu mkubwa, isipokuwa koti lilinasa kwenye msumari wa kenchi likabaki kule juu linabembea.

Mzee Lusajo akasimama na shati tu. Akajipangusa. Hakumtazama mtu. Akatoka mlango wa mbele akaingia kwenye mvua, bila jani la mgomba, akapotea kati ya migomba.

Nikahisi mtu kando yangu. Tumpe. Macho yake mekundu, si ya moshi.

"Kitenge," akasema.

"Tumpe, mimi sikujua ni—"

"Alikuuliza nani yuko ndani?"

Nikaanza kukikung'uta kitenge.

"Ambakisye. Sekela alikuuliza au hakukuuliza?"

"Aliuliza."

Akachukua kitenge mkononi mwangu, akakikunja vizuri, akaondoka. Na mimi nikabaki na Mtaalamu, ambaye alinipiga bega akaniambia ameshafanya semina hii mikoa mingi lakini ushiriki wa namna hii hajawahi kuuona, na kwamba kule anakokwenda atapendekeza kreti. Wali ukaliwa. Tena wote ukaliwa, kreti zikiwa zimebomoka hivyo hivyo. Mimi tu ndiye sikula, ila sikumwambia Mtaalamu, asije akaniandika kwenye ngazi zake.

Kilichofuata hakikuwa cha kucheka. Sekela alikuwa na miezi michache tu tangu aletwe pale kutoka kwao. Alikuwa anatafuta sifa njema kwa wakwe, na sasa kisima kizima kinamzungumza yeye, hakuna anayenitaja mimi. Wengine wakasema mbona alikubali kuingia, wengine wakasema alimtazama mzee kwa makusudi. Akawa haendi kuchota maji mchana. Mume wake, kaka yake Tumpe, alikuja sokoni kunitafuta, mkulima mwenye mikono kama nondo, nikajificha chini ya meza yangu ya mitumba kwa muda ambao heshima yangu hainiruhusu kuutaja, wateja wananichagulia wenyewe. Na Tumpe maparachichi yake akaanza kuyatuma kwa mdogo wake.

Basi nikamfuata mjomba nikamwambia twende. Akasema, "Twende wapi? Mimi kule nilishakunywa chai." Nikampigia magoti. Tukaenda kwa wazee wa Masukulu, nikasimama nikasema mbele ya watu wote, kwa Kinyakyusa, bila mzaha hata mmoja (mnisikie, hata mmoja), kwamba yule dada aliuliza kama anavyopaswa kuuliza, na aliyejibu vibaya ni mimi. Wazee wakakaa, wakapanga. Ikatakiwa mbuzi na pombe yetu ya asili ya kimpumu ili jambo litengenezwe pale nyumbani, mzee na mkamwana kila mtu arudi mahali pake bila doa. Mbuzi nilimvuta mwenyewe kwa kamba kutoka Msasani, mlima kushuka na mlima kupanda, na kila niliyepishana naye njiani akaniuliza kwa adabu kubwa kama mbuzi huyu yuko ngazi ya ngapi.

Lakini walivyomaliza kula na kunywa, Sekela alirudi kuchota maji mchana, nami nilimwona siku moja nikipita, akanijibu salamu. Hiyo kwangu ilitosha. Na toka siku hiyo mtu akiniuliza nani yuko ndani, namtajia mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, mpaka paka na kuku anayeatamia chini ya kitanda. Semina sijakanyaga tena. Nikiliona lile gari lenye mkonga linakata kona ya sokoni, nakunja meza.

Ikabaki habari ya Tumpe. Mjomba akasema mara hii tuingie wote wawili, chai wakitupa tunywe, wakitufukuza tufukuzike pamoja. Tukamkuta Mzee Lusajo barazani anachonga mpini wa jembe, koti la kijivu mwilini, kwapani lina kiraka kipya. Mjomba akasema yake yote, kwa mzunguko, kama inavyotakiwa. Mimi nimeinama nahesabu vipande vya mti vinavyodondoka miguuni pake. Mzee akaendelea kuchonga. Akafikiri. Akaupima mpini kwa jicho moja. Nikamwona Tumpe ndani, kivuli chake nyuma ya pazia, kimesimama wima.

"Mahari," akasema mwishowe, "zungumzeni na mdogo wangu."

Mjomba akaanza kushukuru, ndaga, ndaga fijo, mimi nataka kuruka, lakini mzee akanyanyua kisu kututuliza, akanigeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama vizuri usoni.

"Mkamwana wangu namkwepa kwa sababu ya mila," akaniambia. "Ni mtoto mzuri, sina neno naye. Wewe, kijana, nitakukwepa kwa kupenda mwenyewe."